Bunduki Nyumbani: Toa Risasi Kabla ya Kuingia Ndani

Wakulima wanaolima karibu na pori wanaijua kazi ya kulinda mazao. Mchana wanakuja nyani na tumbili. Usiku wanakuja nguruwe. Kundi la nguruwe likiingia shambani, asubuhi mwenye shamba anakuta mabua yamelala chini. Kwa sababu hiyo, katika vijiji vingi yuko mtu mmoja au wawili wenye bunduki. Wengine wanayo kwa ajili ya kuwinda kanga na kwale siku za mapumziko.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na wadudu. Lakini bwana shamba hutembea nyumba hadi nyumba, na huona mengi. Nimeona bunduki imetundikwa ukutani juu ya kitanda cha watoto. Nimeona bunduki imeegemezwa kwenye mti wa uani, na akina mama wanatwanga hapo hapo. Niliuliza kama ina risasi. Mwenyewe alijibu, "Nadhani haina, bwana shamba."

Ndugu msomaji, kuhusu bunduki hakuna "nadhani". Ama umeifungua ukaona kwa macho yako, ama hujui. Ajali nyingi za bunduki hazitokei wakati mtu amelenga mnyama. Zinatokea wakati hakuna anayetaka kupiga. Mtu anaisafisha. Mtu anaishusha ukutani. Mtu anamwonyesha mgeni. Mtoto anaichezea.

RISASI INAVYOFANYA KAZI

Bunduki zinazoonekana sana vijijini ni za marisau, ambazo wengi huziita shotigani. Risasi yake ni ganda lililofungwa. Nyuma ya ganda kuna fataki. Ndani kuna baruti. Mbele ya baruti kuna vigololi vidogo, ndiyo marisau. Risasi moja ya kuwindia ndege inaweza kuwa na marisau 200 hadi 300.

Ukivuta kifyatulio, yaani kile kichuma cha chini kinachovutwa kwa kidole, pini inagonga fataki. Fataki inawasha baruti. Baruti inageuka moshi na joto, nayo inasukuma marisau nje kwa nguvu kubwa. Haya yote yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Hakuna nafasi ya kusema, "Ngoja kwanza."

Marisau madogo huua ndege umbali wa hatua 40 hivi. Wengi wanadhani yakipita hapo yamekwisha nguvu. Si kweli. Yanaweza kuruka zaidi ya mita 200, na huko yanaweza kumtoboa mtu jicho. Marisau makubwa ya kupigia nguruwe yanaweza kufika zaidi ya mita 500. Risasi ya raifo ni jambo jingine kabisa. Hata raifo ndogo hupeleka risasi zaidi ya kilomita moja na nusu. Raifo kubwa huipeleka zaidi ya kilomita tatu. Ukikosa mnyama, risasi haijakwisha kazi. Inaendelea na safari kuelekea shamba la jirani, kisimani au shuleni.

KANUNI NNE

Mwaka 1976 Mmarekani aitwaye Jeff Cooper alifungua shule ya kufundisha matumizi ya bunduki katika jimbo la Arizona. Alikuwa mwanajeshi wa zamani. Yeye aliyafupisha mafundisho ya usalama yakawa kanuni nne, na kanuni hizo sasa zinafundishwa katika nchi nyingi. Ni rahisi kuzikariri. Hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuzishika.

Kanuni ya kwanza: kila bunduki ina risasi. Hata ile uliyoitoa risasi jana. Hata ile uliyopewa na rafiki akasema ni tupu. Ukiishika, ifikirie kuwa ina risasi mpaka uifungue mwenyewe. Aliyekupa asione vibaya ukiikagua mbele yake. Hiyo si dharau.

Kanuni ya pili: usiuelekeze mtutu kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu. Si kwa mtu, si kwa ng'ombe, si kwa mguu wako mwenyewe. Nimewaona wazee wamesimama wakipiga soga, mikono miwili imefunika mdomo wa bunduki kama wameegemea mkongojo. Bunduki si mkongojo.

Kanuni ya tatu: weka kidole nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga na umeamua kupiga. Kidole kinyooke pembeni ya bunduki. Mtu akijikwaa au akishtuka, vidole vyake hujikunja vyenyewe. Kama kidole kimo ndani, bunduki italia.

Kanuni ya nne: kijue unachokipiga, na ujue kilicho nyuma yake. Hii ndiyo inayosahauliwa sana usiku, wakati wa kulinda mazao.

Katika kijiji kimoja nilichowahi kufanyia kazi, ndugu wawili walikuwa wakilinda mahindi. Kaka alikaa juu ya dungu na bunduki. Mdogo wake alikaa upande wa mtoni akipiga debe. Usiku wa manane debe likanyamaza. Baadaye kaka akasikia mabua yanavunjika. Akamulika tochi. Akaona mahindi yanatikisika. Akapiga.

Aliyekuwa akitikisa mahindi ni mdogo wake. Maji yake ya kunywa yalikwisha, akakata njia katikati ya shamba kuja kuchukua mengine. Marisau yalimwingia pajani na tumboni. Wenzao walimbeba kwa machela hadi barabarani. Alipona, lakini hadi leo anatembea kwa fimbo. Kaka yake aliiacha bunduki polisi na hakurudi kuidai.

Kaka yule hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu mbaya. Alipiga mahindi yanayotikisika. Hakumwona nguruwe. Kama hujaona kichwa, mwili na miguu ya mnyama, hujaona mnyama. Macho yanayong'aa kwenye tochi nayo hayatoshi, maana macho ya mbuzi, mbwa na paka hung'aa pia. Usiku mashambani kuna watu wengi kuliko tunavyodhani. Yupo anayerudi kilabuni. Yupo anayetafuta ndama wake.

Walinzi wapatane kabla jua halijazama. Nani atakaa wapi? Nani ana bunduki? Bunduki itapigwa kuelekea upande gani tu? Mtu asiondoke mahali pake mpaka aite kwa sauti na aitikiwe. Mluzi peke yake hautoshi, kwa sababu upepo huupoteza. Jina la mtu ni bora. Na anayekaa juu ya dungu akapiga kuelekea chini ana nafuu moja: risasi ikikosa inaingia ardhini.

JINSI YA KUTOA RISASI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mahali penye ajali nyingi.

Unaporudi kutoka shambani au porini, toa risasi ukiwa bado nje, mbali na watu. Usingoje ufike mlangoni, kwa maana mlangoni watoto wanakuja kukupokea. Elekeza mtutu kwenye udongo laini, hatua chache mbele yako. Usiuelekeze kwenye jiwe, maana marisau yanaruka kutoka kwenye jiwe.

Kama ni bunduki inayokunjwa katikati, ikunje. Toa risasi. Kisha angalia ndani ya mtutu. Uone mwanga upande wa pili. Kama ina mitutu miwili, angalia yote miwili. Baada ya kuangalia, tia ncha ya kidole mahali risasi inapokaa, uhisi kuwa pako wazi. Gizani kidole ni cha kuaminika kuliko jicho. Ingia nyumbani ukiwa umeibeba ikiwa imekunjwa hivyo hivyo. Kila mtu akiiona atajua kuwa haiwezi kulia.

Raifo, na bunduki nyingine zenye kikasha cha risasi, zina mtego wake. Nyingi zinaua kwa sababu ya kukosea utaratibu. Mtu anachomoa kikasha, anaona risasi zote zimo mkononi, anasema bunduki ni tupu. Kumbe risasi moja imebaki ndani, kwenye chemba, tayari kulia. Mwingine anafanya kinyume. Anavuta komeo la bunduki kwanza, risasi iliyokuwa ndani inatoka, naye anafurahi. Lakini kikasha bado kimo. Akirudisha komeo, linasukuma risasi mpya ndani ya chemba.

Utaratibu ulio sahihi ni huu. Kwanza chomoa kikasha. Pili vuta komeo nyuma utoe risasi iliyo ndani. Tatu angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Kama kikasha cha bunduki yako hakichomolewi, toa risasi zake zote, moja moja, na uzihesabu. Ulitoka na risasi tano na ukapiga mbili? Basi tatu lazima ziwe mkononi. Zikiwa mbili, usiingie ndani. Itafute ya tatu.

Wengi hutegemea sefti, ile swichi ya kuzuia bunduki isilie. Sefti ni chuma tu. Chuma huchakaa, huingia kutu na mchanga. Itumie, lakini usiiamini kama unavyoamini chemba iliyo tupu.

Toa risasi pia kabla ya kuvuka mto, kabla ya kuruka senyenge, kabla ya kupanda mti au dungu, na kabla ya kupanda baiskeli, pikipiki au mtumbwi. Kupanda dungu na bunduki yenye risasi mgongoni ni hatari. Itoe risasi, panda kwanza, kisha mwenzako akupe bunduki kitako kikitangulia.

MTUTU ULIOZIBA

Kuna nyigu wanaojenga kwa udongo. Wanapenda matundu. Bunduki ikikaa wiki chache bila kutumiwa, nyigu anaweza kujenga ndani ya mtutu. Ukipiga, moshi na marisau vinakosa njia. Mtutu unapasuka, na unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto na uso wako. Matope, kipande cha kitambaa cha kusafishia, na hata mafuta mengi mno vinaweza kuleta balaa hilo hilo. Kama umejikwaa na mtutu ukachoma ardhini, toa risasi, uangalie ndani, usafishe kwanza.

Jambo jingine ni namba za risasi. Bunduki nyingi za marisau ni za namba 12. Nyingine ni za namba 20. Mtu anaweza kudhani ya namba 20 ni kubwa zaidi. Sivyo. Zamani walichukua ratili moja ya madini ya risasi wakaigawa vigololi 12 vilivyo sawa. Mtutu unaoingiza kigololi kimoja kati ya hivyo uliitwa namba 12. Ukigawa ratili hiyo hiyo vigololi 20, kila kimoja kinakuwa kidogo zaidi. Basi namba kubwa ni tundu dogo.

Hatari ni hii. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwenye bunduki ya namba 12, inateleza ndani na kukwama mbele, huku chemba ikionekana tupu. Mwenye bunduki anadhani hakutia kitu. Anatia ya namba 12 nyuma yake. Akipiga, mtutu unapasuka. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza maganda ya namba 20 yakiwa ya rangi ya manjano. Usichanganye risasi hizo katika mfuko mmoja, na usipokee risasi za kupewa bila kusoma namba iliyoandikwa kwenye kitako cha ganda. Hapa kusoma kunaokoa mkono.

Je, ukivuta kifyatulio na risasi isilie? Usiifungue haraka, wala usichungulie mtutu. Mara nyingine baruti inachelewa kushika moto. Endelea kuelekeza mtutu mahali salama. Hesabu polepole mpaka 60. Ndipo uifungue, na risasi hiyo usiitumie tena. Na kama risasi imelia kwa sauti ndogo kuliko kawaida, simama. Huenda kuna kitu kimebaki kwenye mtutu.

POMBE NA SHEREHE

Aliyekunywa asishike bunduki. Hili halihitaji maelezo marefu. Hata chupa moja inapunguza wepesi wa jicho na mkono. Usinywe kwanza kisha ukaenda lindoni. Na ukirudi, bunduki ikishafungiwa ndipo unywe.

Katika sehemu nyingine watu hupiga bunduki hewani kwenye arusi au kuukaribisha mwaka mpya. Kilichopanda lazima kishuke. Risasi ya raifo iliyopigwa juu inarudi chini ikiwa bado na mwendo wa kutosha kutoboa fuvu la kichwa. Watu wamekufa kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali wakiwa wamekaa nje ya nyumba zao. Ngoma zinatosha.

KUITUNZA NYUMBANI

Bunduki ikae imefungiwa, bila risasi. Sanduku la chuma lenye kufuli ndilo bora. Lifungwe kwa skrubu kwenye ukuta au sakafu ili mwizi asilibebe zima zima. Risasi zikae mahali pengine, zimefungiwa kwa kufuli jingine. Ufunguo ukae na mwenye leseni peke yake. Usiuweke chini ya mto wala juu ya mlango. Watoto wanajua kila mahali tunapoficha vitu. Wanajua sukari iko wapi, na wanajua ufunguo uko wapi.

Mfundishe mtoto maneno machache. Akiona bunduki au risasi asiguse, aondoke, amwambie mtu mzima. Lakini usitegemee maneno hayo. Mtoto wa miaka sita anaweza kuyarudia vizuri mbele yako na bado akaigusa ukiwa hupo. Kufuli ndilo linalomlinda.

Nyama nayo ina jambo lake. Kwa Kiswahili tunaita risasi ile inayopigwa, na tunaita risasi pia yale madini yake. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Ukipika nyama ya mnyama au ndege aliyepigwa, kata na kutupa nyama yote iliyochanika kuzunguka tundu. Usitosheke na kuokota marisau unayoyaona.

AJALI IKITOKEA

Toa risasi kwanza, ili bunduki isimwumize mtu wa pili. Mlaze majeruhi. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote, na usiachie kuchungulia kila mara. Usichokonoe marisau. Mfunike asipate baridi, asipewe chakula wala maji, na mpelekeni hospitali mara moja. Mtu mwingine akimbie polisi kutoa habari na kuchukua fomu ya PF3. Majeruhi asikae akivuja damu kwa sababu ya kungoja karatasi.

SHERIA, NA MAGOBORI

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki lazima iwe na leseni, na leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Huwezi kumwazima shemeji kwa siku mbili. Leseni ya bunduki pia si kibali cha kuwinda. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, anayetaka kuwinda, hata kanga, apate kwanza kibali cha wanyamapori. Ukimwua mnyama aliyekuvamia au aliyekuwa akiharibu mali yako, toa taarifa upesi kwa ofisi ya wanyamapori, na usigawane nyama.

Aliyepitia mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa amefundishwa bunduki ya kijeshi. Huo ni msingi mzuri, lakini bunduki ya marisau ina mambo yake. Muulize mkuu wa polisi wa wilaya ni wapi utafundishwa. Nyumbani unaweza kujizoeza kwa bunduki ya mti kama wafanyavyo mgambo. Jizoeze kubeba, kuelekeza mtutu na kuweka kidole pembeni, mpaka mkono uzoee wenyewe.

Magobori ya kienyeji yana hatari ya peke yake. Mengi yametengenezwa kwa bomba la maji, ambalo halikufanywa kustahimili baruti. Hupasuka. Tena gobori hujazwa kwa mdomo, kwa hiyo huwezi kulifungua ukaona kama lina kitu. Linaweza kukaa mwaka mzima na baruti ndani, na wote wamesahau. Kulitengeneza au kulimiliki bila leseni ni kosa. Usijaribu kulichokoa wala kulipiga ili "kulimaliza". Umoja wa Afrika umeuweka Septemba ya kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilitoa msamaha kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba kwa waliosalimisha silaha haramu. Mwenye gobori amwone mtendaji wa kijiji au polisi aulize utaratibu wa sasa kabla hajalitoa nyumbani, asije akakutwa nalo njiani.

Mwenye bunduki akifariki, leseni yake haimpiti mwanawe. Mara nyingi mjane anabaki na bunduki nyuma ya kabati, na hajui kama ina risasi. Asiiguse, na asimwachie kijana yeyote wa ukoo aichukue kama urithi. Aufunge mlango wa chumba, amwite mwenyekiti wa kijiji, na polisi waje kuichukua pamoja na risasi zote. Aombe stakabadhi yenye namba ya bunduki, tarehe na jina la askari aliyeipokea.